Kiangazi cha Nyasi

Mwezi Julai, saa kumi na mbili asubuhi, Ngara mjini huwezi kujua kama ni kiangazi mpaka uangalie chini. Ukiangalia juu unaona ukungu umelala mabondeni, akina mama wamejifunika vitenge hadi puani, kijana wa bodaboda kavaa koti la mvua wakati mvua yenyewe ilikatika zamani. Ukiangalia chini ndipo unaliona vumbi, jekundu na laini kama unga wa mtama, limepaka kwato za mbuzi na viatu vya mwalimu bila ubaguzi.

Kwa hiyo "majira ya joto" huku ni maneno ya kitabuni. Kiangazi chetu cha Juni hadi Agosti kina baridi ya asubuhi, jua kali la mchana na moshi wa jioni. Wahaya wanakiita kyanda, Warundi ng'ambo ya mpaka wanakiita ici. Jembe linapumzika kidogo, harusi zinaanza kugongana tarehe, na nyasi za milimani zinageuka rangi ya asali.

Hizo nyasi ndizo zilizonitoa Mwanza. Juma moja kabla ya likizo, rafiki yangu anayeishi Ulaya alinitumia picha kwenye simu. Ukuta mweupe, na juu yake zimetundikwa nyungo tano za nyasi, kubwa katikati na ndogo pembeni, kama kuku na vifaranga. Akaandika kwamba huo ndio mtindo wa nyumba za huko msimu huu: vitu vya mkono, vitu vya zamani, vitu vyenye sura ya porini. Mwisho akauliza, "Kwenu bado mnavyo?"

Swali lilinichoma kidogo. Ungo kwetu nao hutundikwa ukutani, ila ni ukuta wa jikoni, kwenye msumari, ukisubiri maharage. Lakini nilipojaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho nimemwona mtu wa ukoo wetu akishona ungo mpya, sikukumbuka. Nikakata tiketi.

Nilianzia Biharamulo. Mgeni anayeuliza vitu vya kale hapa huelekezwa bomani, kwenye jengo la Wajerumani la mwanzoni mwa karne ya 20, lenye kuta nene nyeupe, ambalo siku hizi wageni hulala humo. Ni jengo zuri, nami sina neno nalo. Ila cha kale kilichonishika miguu kilikuwa barazani kwa fundi cherehani: Singer nyeusi ya kukanyaga, maandishi yake ya dhahabu yamefutika mahali pamoja tu, pale kiganja cha kushoto kinapotulia kila siku. Mkanda wake wa ngozi ulishakufa, na badala yake fundi amekata mpira wa ndani wa baiskeli. Alikuwa anaunga vipande vya vitenge vilivyobaki kwenye magauni ya wateja, vya njano na vya bluu, kuwa foronya. Hakuna aliyemfundisha kwamba huo ni mtindo. Ni kwamba kitambaa ni hela.

Kutoka Biharamulo gari hutokea Lusahunga, likaingia barabara kuu ya malori yanayokwenda Rwanda na Burundi, kisha Nyakahura, kisha pori. Wenye umri wangu tunalikumbuka pori hili kwa sababu nyingine: mabasi yalikuwa yakisubiriana ili yasindikizwe na polisi wenye bunduki, na abiria walikuwa wanasali kwa sauti. Leo watu wanalala usingizi hadi Benaco. Kaskazini mwa barabara, mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa mwaka 2019 kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, kilomita za mraba 4,707. Kwa dirisha unaona miombo imeacha majani, shina hili au lile limechunwa gome lake zima kama koti lililovuliwa. Hilo limekuwa mzinga. Mti uliochunwa hivyo hufa, jambo ambalo wapenda asali ya asili hawaandikiwi kwenye chupa.

Na katikati ya miti, nyasi. Nyasi hadi mabegani, nyasi zimeinama upande mmoja kama watu wanaosikiliza.

Unashuka hadi Mto Ruvubu, unavuka daraja, halafu gari linaanza kulia likipanda milima ya Bugufi. Ruvubu imeigawa Ngara: huku kwetu Wahangaza, upande ule Bushubi. Kwa lugha na kwa vikapu, Bugufi ni ndugu wa Burundi. Mpaka ulichorwa na wakubwa wa Ulaya walipogawana mali ya Mjerumani baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Ndiyo maana kikapu kirefu chenye kifuniko cha ncha kinaitwa igiseke huku na huko, na bibi harusi wa huku na huko husindikizwa na wanawake waliokibeba kichwani, kimejaa mtama au maharage, bila kukishika kwa mkono.

Shangazi yangu nilimkuta chini ya mparachichi, kwenye kirago cha mafunjo, miguu ameinyoosha mbele. Alikuwa amefunga nyasi fungu fungu, amezianika zikiegemea ukuta. Nilimsalimia, akaitikia bila kuinua macho, akanisogezea kigoda kwa mguu.

"Simu ilisema unakuja kutafuta nyungo."

"Ndiyo, Shangazi. Nataka nione zinavyoshonwa."

"Uone, au ushone?"

Niseme wazi kwamba kikapu cha huku hakisukwi kama mkeka. Kinashonwa. Unachukua nyasi nane au tisa za aina ambayo majirani zetu wa Burundi na Rwanda wanaiita ishinge, nyembamba, ngumu, isiyo na fundo, unazikusanya hadi ziwe na unene wa penseli. Hicho ndicho kiini. Halafu unazungushia ulimi wa katani au wa gome la mgomba uliolowekwa, na kiini kinajikunja juu ya chenyewe kama konokono. Kila mshono unatoboa mzunguko wa chini yake. Chombo cha kutobolea ni uruhindu, msharasi wa chuma uliochongoka, na wa Shangazi una mpini wa mti uliong'aa kwa jasho hadi unaonekana umepakwa mafuta. Anatoboa, anapitisha ulimi, anavuta. Ukikaa karibu unasikia mlio mdogo, kama mtu anayekwaruza kiberiti kilicholowa. Nyasi zikikaribia kwisha anachomeka nyingine katikati ya kiini, moja moja, na hata ukipitisha kidole huwezi kupapasa kiungo kilipo.

Sehemu ngumu ni kitovu, ule mwanzo usiozidi kifungo cha shati. Nilivunja nyasi mara nne. Mara ya tano kikashika, nikazunguka mara moja, mara mbili, nikaanza kujisifu kimoyomoyo. Shangazi alikuwa ananitazama kwa jicho la pembeni.

"Umevuta kama unafunga ng'ombe. Vuta kama unamsuka mtoto nywele, mtoto mwenyewe anayelia."

Sikumwelewa mpaka mzunguko wa sita, sahani yangu ilipoanza kuinua kingo zake yenyewe. Ukikaza mno, kitako hakikai chini. Kinapanda na kuwa bakuli. Ukilegeza, kinafanya mawimbi. Mkono wangu ulikuwa umekaza.

"Umeshona kofia," akasema, akainyanyua na kunivika.

Jioni hiyo nilipanda juu ya kiti kushusha igiseke cha marehemu mama juu ya kabati. Nilikijua kikiwa cheusi. Kumbe hakikuwahi kupakwa rangi nyeusi hata kidogo. Kilishonwa kwa nyasi hizi hizi za rangi ya asali, kikakaa miaka mingi jikoni juu ya mafiga, moshi ukaingia mshono kwa mshono hadi kikawa kama chai ya rangi. Nilipofungua kifuniko, sehemu ya ndani ya ukingo, pale ambapo kifuniko hugusana na mwili wa kikapu na moshi haufiki, palikuwa bado pa asali. Mstari mwembamba, kama wa pete kwenye kidole. Moshi huo huo ndio uliozuia wadudu. Watu wanaouza vitu vya zamani huko mijini wanajua kupaka rangi ya uzee kwa brashi, lakini sidhani kama wanakumbuka kuacha mstari huo.

Rangi za makusudi zipo pia. Wazee wa Rwanda walikuwa wanapata nyekundu kwa kuchemsha mizizi na mbegu za mmea unaoitwa urukamba, na nyeusi kwenye utomvu wa ua la mgomba. Siku hizi katani inachemshwa na rangi ya unga ya dukani, na ndiyo maana utakuta kikapu cha zambarau kinachokutazama kama bango la soda. Shangazi anapenda zambarau. Mimi nampa haki yake.

Nyasi haziishii kwenye kikapu. Siku ya tatu jirani alikuwa anakamua urwagwa, pombe ya ndizi. Ndizi zilikuwa zimeiva shimoni, zimemenywa, zimemwagwa kwenye mtumbwi wa mti, na juu yake likatupwa fungu la nyasi ngumu. Bila nyasi, ndizi zilizoiva zinakuwa uji tu unaoteleza. Nyasi ndizo zinazoshika nyama ya ndizi ili maji yatoke peke yake, na ndizo zinazochuja. Kisha mtama uliokaangwa na kusagwa, kisha kufunika, kisha subira. Kibuyu kilipokuja na mrija wake, mfuniko wa kibuyu ulikuwa wa nyasi. Ngata ambayo mama mmoja alibebea mtungi wa maji ilikuwa ya magome ya mgomba, imezungushwa kwa sekunde kumi na kutupwa bila huzuni baada ya safari. Hicho nacho ni kitu cha mkono, na hakuna atakayekipiga picha.

Kuna jambo jingine kuhusu nyasi ambalo nililisoma nikiwa chuo na sikuliamini. Mwaka 1978, Peter Schmidt na Donald Avery waliandika kwenye jarida la Science kuhusu wafua chuma wa Buhaya. Wazee waliokumbuka kazi hiyo waliijenga tena tanuri mbele yao, na shimo la chini wakalijaza matete ya kinamasi yaliyochomwa kuwa mkaa. Majani hayo ndiyo yaliyopokea chuma. Kusini zaidi, ukanda wa Biharamulo na Geita, walikuwepo Warongo, mabingwa wengine wa tanuri, na majembe ya Uzinza yalisafiri hadi Usukuma na Unyamwezi. Ukilishika jembe la aina hiyo, zito na lenye umbo la moyo, umeshika nyasi bila kujua. Leo jembe linatoka kiwandani. Ni jepesi, ni rahisi, na kwa mgongo wa mkulima nadhani hilo ndilo la maana.

Maana kuna aina ya mapenzi ya zamani ambayo mimi siyawezi. Sitaki mtu arudi kwenye nyumba ya msonge ili mimi nipate mahali pa kupiga picha. Msonge wa Wahaya uko Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam, umeezekwa vizuri, uende ukauone. Halafu uliza mama yeyote wa Ngara kama angeubadilisha na bati lake. Koroboi vilevile. Nyumbani kwetu tulikuwa na koroboi iliyotengenezwa kwa kopo la mafuta ya kula ya msaada, na ubavuni ilikuwa na picha ya mikono miwili inayoshikana. Kopo hilo lilitoka Benaco. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja tu, wakakaa pale kwenye kilima ambacho jina lake lilitokana na kampuni ya Kitaliano ya barabara. Walikuja na magodoro, na mbuzi, na vikapu vichwani. Mafundi makopo wakapata kazi, na mwanga wetu wa kusomea ukatoka kwenye njaa ya watu wengine. Hivi karibuni nimeiona koroboi ya namna hiyo kwenye meza ya hoteli moja, kama pambo, ina ua la plastiki ndani. Nilikula chakula changu haraka.

Nyungo kwenye kuta za Ulaya, hata hivyo, hazinisumbui. Wenzetu Wanyarwanda walielewa mapema: kikapu chao cha agaseke kiko kwenye nembo ya taifa lao tangu mwaka 2001, na mwaka 2005 vikapu vyao vikaanza kuuzwa Marekani kwenye maduka ya Macy's. Ukivuka Rusumo, kabla hujaenda mbali, unafika Nyakarambi, ambako samadi ya ng'ombe inachanganywa na majivu, inabandikwa kwenye ubao kwa kidole, inapakwa nyeusi, nyeupe na nyekundu, na inaitwa imigongo. Hapa Ngara kuna WomenCraft, biashara ya kijamii ambayo imekuwa ikinunua kwa vikundi vya wanawake wa mpaka huu wa nchi tatu na kuuza nje, na baadaye ikafanya kazi pia na wakimbizi wa Burundi kupitia MADE51, mpango wa shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, wa kuwatafutia masoko mafundi waliokimbia makwao. Kikapu kinachokwenda huko kinapimwa kwa futi kamba, kipenyo kikizidi kinarudishwa. Shangazi aliwahi kushonea oda ya namna hiyo. Alilalamika kuhusu futi kamba kwa nusu saa nzima, na akanionyesha bati alilonunua.

Kinachonikera kiko karibu zaidi. Jumamosi nilikwenda harusini. Zawadi zilipangwa mbele: mabeseni ya plastiki, mengine ndani ya mengine, yamefungwa kwa nailoni inayometa, na utepe. Igiseke kilikuwepo kimoja, cha kuazima, kilizungushwa ukumbini kupigwa picha kisha mwenyewe akakichukua mlangoni. Tunakiheshimu hadi hatukitumii. Tarehe 1 Juni 2019, serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, tulishangilia kwamba vikapu vimerudi. Kwa majuma mawili kweli nilimwona mzee sokoni na kapu lake la ukindu. Halafu ikaja mifuko mbadala, na mifuko mbadala nayo ikaanza kuning'inia kwenye mitaro.

Nilipomwambia Shangazi haya, hakuonekana kuyajali. Shida yake ni nyingine, nayo ni ya miguu. Zamani alikata nyasi nyuma ya nyumba. Sasa nyuma ya nyumba kuna mihogo, juu ya mihogo kuna mikaratusi ya mtu, na juu ya mikaratusi, ng'ombe. Lazima azifuate ng'ambo ya kilima, na lazima azifuate kwa wakati. Zikikatwa mbichi mno zinasinyaa na kukunjamana. Zikikatwa zimekauka mno zinakatika kitovuni kama zilivyokatika kwangu. Kuna majuma machache tu ya katikati, na majuma hayo hayo ndiyo ya moto kichaa. Mtu anachoma pori ili majani mabichi yaote ya mifugo, au anafukuza panya, au hana sababu. Jioni tukiwa tumekaa tuliona mstari wa moto ng'ambo ya Ruvubu, unapanda taratibu, mzuri sana kwa mbali.

"Zile ni za mwaka huu," alisema Shangazi. Alimaanisha nyasi.

Asubuhi yake tulitoka kabla ukungu haujapanda, yeye mbele na mundu begani, mimi nyuma na kamba. Hakati ovyo. Anashika shada kwa mkono wa kushoto, analitikisa mbegu zidondoke, anakata kwa chini, analaza yote kichwa upande mmoja. Tulipata mafungu sita. Moja akanipa. Akanipa na uruhindu wa akiba, ncha ameifunika kwa kipande cha gunzi, na ile kofia yangu ya mizunguko sita.

Kituoni kondakta alilipokea begi, akalipokea fungu la nyasi, akaligeuza akitafuta kitu kilichofichwa ndani.

"Hizi ni za nini, mzee?"

"Nyasi."

"Naona ni nyasi. Kwani Mwanza hakuna nyasi?"

Nikamwambia azilaze juu, zisikunjwe. Akaniangalia, akaangalia ile kofia mkononi mwangu, kisha akazilaza juu ya boneti pembeni ya dereva, kwenye joto. Kufika Nyakahura gari zima lilikuwa linanukia shamba.